Konda Hupanda Mwisho

Sentensi ya Kituruki ni matatu ya Embu kwenda Meru, na kitenzi ndiye konda. Abiria wanaingia mmoja mmoja: anayesafiri, anakotoka, anakokwenda, alichobeba. Wanakaa, wanabanana, wanangoja. Gari haliondoki. Konda bado yuko nje anabishana na mtu wa chenji. Mpaka arukie mlangoni na kugonga bodi mara mbili, hujui kama safari ipo au haipo.

Ben Embu'dan Meru'ya gidiyorum. Mimi, kutoka Embu, hadi Meru, naenda.

Hivyo ndivyo nilivyomwanzishia binamu yangu somo, Agosti mwaka jana, nyumbani kwa cucu huko Runyenjes. Binamu alikuwa na miaka 19, barua ya ufadhili wa Türkiye Bursları ndani ya simu, na Jumamosi saba kabla ya kupanda ndege. Mwaka wa kwanza kule ni wa lugha tupu. Unaanza na "jina langu ni nani", na mwisho wa mwaka unatarajiwa uwe umefika kiwango cha C1, ndipo uingie darasani kusoma ulichoendea. Yeye aliendea uhandisi wa ujenzi. Mamake, yaani mamangu mdogo, alikuwa ameshatangaza kanisani, na wamama wa chama walikuwa wamemnunulia koti. Ukishanunuliwa koti na chama, manze, huwezi kurudi kimya kimya.

Mimi si mwalimu. Niliishi Kayseri miaka mitano, mmoja wa lugha na minne ya shahada, nikarudi Meru, na sasa naandika vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi pale Makutano. Kituruki changu kilikuwa kimekaa kama nguo ya harusi: kizima, safi, hakina pa kwenda. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi nilipanda gari, Nkubu, Chuka, daraja la Thuci, Runyenjes, nikakitoe kidogo kipigwe upepo.

Nilimkuta ameshaanza peke yake, na programu ya simu inayofundisha Kituruki kwa Kiingereza. Alikuwa anajua kusema kwamba tufaha ni jekundu. Lakini ukimwambia aseme kitu chake mwenyewe, ungemwona akihangaika machoni: analichukua wazo kwa Kiswahili, analipeleka Kiingereza, analipindua huko, ndipo alitoe kwa Kituruki likiwa limechoka. Nikamwambia, wewe unatoka Embu kwenda Meru kwa kupitia Nairobi. Barabara ni hii hapa inapita mbele ya boma.

Hilo ndilo ninaloamini, na nitalibishania na yeyote. Vitabu vingi vya Kituruki nilivyotumia viliandikiwa watu ambao katika lugha zao maneno husimama wima peke yao, kila moja na kiti chake. Watu hao wakiona neno moja lenye vipande vitano wanashtuka, na vitabu vinawapa pole kurasa nzima. Sisi pole hiyo hatuihitaji. Mtoto wa Runyenjes mwenye miaka mitatu anasema "sikumwambia" na hakuna anayempigia makofi.

Tulikata pakiti ya unga vipande vidogo tukaandika: ha, tu, ta, soma. Akavipanga mezani, hatutasoma, bila kufikiri. Kisha nikavipanga tena mbele yake. Soma kwanza: oku. Halafu ukanushi, ma. Halafu wakati ujao, yacak. Mwisho kabisa, sisi: ız. Okumayacağız. (Ile k ya yacak hulainika ikiwa ğ inapofuatwa na irabu, hilo ni la kuzoea tu, halina siri.) Vipande ni vilevile. Kiswahili kinavibandika mbele ya mzizi, Kituruki kinavibandika nyuma. Binamu alikodolea meza, akasema, "Si basi ni hatutasoma iliyorudi rivasi?"

Karibu hivyo.

Lakini kurudi rivasi kuna gharama yake. Kwa Kiswahili, ukikataliwa unajua mapema. "Si..." na tayari umeshaelewa, unaweza kuanza kuchukua kofia yako. "Ha..." na moyo umetulia chini. Kituruki hakikupi huruma hiyo. Chukua sentensi hii: Seninle evlenmek istemiyorum. Seninle, pamoja nawe. Evlenmek, kufunga ndoa. Iste, taka... mpaka hapo bado una matumaini, bado unapanga mbuzi. Kisha inakuja -mi-, silabi ndogo kama punje ya mtama, na mbuzi wote wanarudi zizini. Ukimkatiza Mturuki kabla ya kitenzi, hujui kama amekukubali au amekufukuza. Cucu alipotafsiriwa hilo alisema hiyo ni lugha ya wazee wa ruracio: wanazungumza asubuhi nzima juu ya mvua na ng'ombe, na jambo lenyewe linasemwa watu wakishaanza kutafuta fimbo zao.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya -ni. Hii ndiyo naipenda kuliko zote.

Sisi tuna kiambishi kimoja cha mahali kinachokaa nyuma ya nomino, na kimechoka kwa kazi. Niko nyumbani. Natoka nyumbani. Naenda nyumbani. Nyumbani ni ileile mara tatu. Kitenzi ndicho kinachobeba habari za kuwepo, kutoka na kwenda. Kituruki kimeigawa kazi hiyo kwa vijana watatu. Ev ni nyumba. Evdeyim, niko nyumbani. Evden geliyorum, natoka nyumbani. Eve gidiyorum, naenda nyumbani. De, den, e. Na mji nao haupiti bure. Sisi tunasema "niko Meru" na yatosha, lakini Kituruki kinataka Meru nayo ivae: Meru'da, niko pale, Meru'dan, natoka pale, Meru'ya, naelekea pale.

Binamu akauliza swali zuri. Kama kitenzi "toka" tayari kinasema kutoka, ya nini kurudia kwenye nomino? Nilimjibu kwa konda. Kwa sababu konda anakuja mwisho, kila abiria lazima awe na tikiti yake mkononi. Ukisikia Embu'dan, hata kabla ya kitenzi, unajua Embu ni kunakotokwa. Na kwa kuwa kila mmoja ana tikiti, wanaweza kubadilishana viti bila fujo. Meru'ya Embu'dan gidiyorum bado inaeleweka. Imehamisha mkazo tu, kwamba ni Embu hasa ninakotokea. Kilicho karibu na kitenzi ndicho kizito. Kwa hiyo "Cucu tarlada çay topluyor", cucu shambani chai anachuma, inajibu swali la "anachuma nini". Ukitaka kujibu "anachumia wapi", unasogeza shamba likae karibu na kitenzi: Cucu çayı tarlada topluyor. Hapo chai nayo imeongezewa ı, tikiti ya kitu kinachotendwa ambacho tayari tunakijua.

Cucu kweli alikuwa shambani wakati huo. Majani yake huenda kiwanda cha Rukuriri, na amekuwa akiyachuma tangu kabla mamangu hajazaliwa. Nilipomwambia mara ya kwanza kwamba Waturuki wanalima chai yao wenyewe, kule Rize kwenye Bahari Nyeusi, na kwamba wanaiita çay, ikisomwa chai kama yetu, alifurahi. Nilipomwambia wanainywa kwa bilauri ndogo, bila maziwa, furaha ikaisha.

Usiniulize sana kuhusu maneno ya kufanana, kwa sababu hayo watu huyashangilia kupita kiasi. Yapo, mengi kwa njia ya Kiarabu: kitap, kalem, saat, dakika, hesap, haber, dünya, asker, sabun. Yatakusaidia wiki ya kwanza, kisha yatakuacha stendi. Moja tu nitalitaja kwa raha zake. Kule watu wakikutana husema "Merhaba". Mimi niliyelelewa kuamkia wakubwa nilikaa wiki nzima nikisikia wauza mikate wakiniitikia "marahaba" na sijawapa shikamoo.

Hapo katikati tulifika mahali ambapo watu wengi huacha: upatanifu wa irabu. Kituruki kina irabu 8, zimegawanyika kambi mbili. A, ı, o, u upande huu. E, i, ö, ü upande ule. Kiambishi lazima kifuate kambi ya neno. Ndiyo maana ni ev-de lakini Meru-da. Gelmeyeceğiz lakini okumayacağız. Binamu aliona jedwali kwenye simu akasema basi, hii imemshinda, bora aende Kirinyaga akasaidie mjomba kwa mpunga.

Nikamwomba atumie vitenzi hivi kwa ajili ya mtu. Pika? "Pikia." Lipa? "Lipia." Chimba? "Chimbia." Soma? "Somea." Leta? "Letea." Chora? "Chorea." Kwa nini si somia? Kwa nini si pikea? Akanyamaza. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mzizi wenye e au o huvuta -ea, na wenye a, i au u huvuta -ia. Mdomo wake unafanya kazi hiyo tangu utotoni, na haujawahi kumdai mshahara. Nikamwambia Kituruki kinataka kitu hichohicho, ila kila mahali na kila siku. Alirudi kwenye jedwali kama mtu anayetazama picha ya jirani yake.

Sauti zenyewe ni shida nyingine, hilo nakubali. Lugha ya cucu ina irabu 7, ukihesabu ĩ na ũ, kwa hiyo sisi tulioisikia utotoni tunajua kwamba dunia haiishii a, e, i, o, u. Lakini ö na ü hazipo Embu wala Meru. Zinatoka ukikaza midomo kama unayepuliza jiko la kuni huku ulimi unasema e au i. Cucu alijaribu mara moja, akacheka mpaka akashika ukuta. Tena Kituruki tangu 1928 kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, na c yao ni j yetu. Nilipowaonyesha wenzangu darasani jina "cucu" kwenye simu, wote walisoma juju.

Swali la kwanza utakaloulizwa kule, hata na dereva wa basi, ni Nerelisin? Wewe ni wa wapi? Jibu unalitengeneza kwa kubandika -li kwenye mahali, kulingana na irabu, kisha wewe mwenyewe. Kenyalıyım. Lakini kila Mturuki ana mji wa babake, hata kama hajawahi kulala huko, na hataridhika na nchi. Atauliza tena. Binamu alijibu haraka, Embuluyum, akafurahia u zote zilivyopangana. Mimi nilikuwa nikijibu kulingana na siku. Babangu ni wa Meru, mamangu wa Embu. Meruluyum, nilisema nikiwa nataka kumaliza mazungumzo. Kulikuwa na siku za baridi nilisema Embuluyum, kwa sababu niliyemfikiria siku hiyo alikuwa cucu na moshi wa jiko lake. Hakuna aliyejua tofauti. Nilijua mimi.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza vinalipitia haraka, na kwetu ndilo dhahabu. Vitenzi vyetu navyo vina mikia. Andika, andikwa, andikisha, andikiana. Kituruki: yazmak, yazılmak, yazdırmak, yazışmak. Kimoja kwa kimoja. Ona ni görmek; onana ni görüşmek. Na watu wanapoagana kule husema görüşürüz. Ikate: gör, ona. Üş, -ana. Ür, alama ya jambo la kawaida au litakalokuja. Üz, sisi. Ni tutaonana, neno zima, kipande kwa kipande, limegeuzwa tu likaangalia upande wa pili. Programu ya simu ilikuwa imempa kwa Kiingereza kama "see you", na alikuwa amelikariri kama namba ya simu.

Onyo dogo hapa, maana nimeona mwanafunzi mwenzangu akitoka jasho mbele ya darasa. Sev ni penda. Usidhani sevişmek ni "kupendana" ya mahubiri ya harusi. Ni ya baada ya harusi. Mpigie cucu hesabu, useme birbirini sevmek, na uishie hapo.

Jumamosi ya sita niliahirisha mara mbili ndani ya siku moja. Nilianza na kahawa, nikatembea hadi barabarani, nikarudi. Ilikuwa zamu ya -di na -miş.

Kituruki kina nyakati mbili zilizopita, na tofauti yake haiko kwenye saa. Iko kwa anayesema: alikuwepo au hakuwepo? Geldi, alikuja, na mimi nilimwona. Gelmiş, alikuja, lakini nimesikia, au nimeona viatu mlangoni. Unaamka Runyenjes ardhi imelowa, usiku hukusikia kitu: Yağmur yağmış. Kumbe mvua ilinyesha. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa "kumbe", "eti", "inasemekana", na tukitaka tunaiacha. Kituruki kinaitia ndani ya kitenzi, mwisho wa sentensi, mahali ambapo huwezi kuiruka.

Guka alifariki Februari ya mwaka wangu wa lugha. Kayseri iko chini ya mlima Erciyes, mlima wenye theluji juu kama wetu, ila theluji yao hushuka mpaka mlangoni. Ujumbe wa mamangu uliingia usiku. Asubuhi nilienda darasani kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda, na mwalimu aliponiuliza kuna nini, sentensi ilikuwa tayari mdomoni mpaka ikafika mwisho. Dedem vefat... Babu yangu, kufariki... Etti, kana kwamba nilikuwa nimekaa kando ya kitanda? Etmiş, kana kwamba ni maneno ya watu, labda si kweli? Nilisimama hapo kwenye pengo, darasa zima likingoja kitenzi changu. Mwalimu, mama wa makamo, alinishika mkono akasema zote mbili ni sawa, kwamba msiba unaojulikana watu huusema kwa -ti. Nikasema etti. Lakini tangu siku hiyo niliisikia -miş kila nilipopiga simu nyumbani. Ng'ombe amezaa, mvua imechelewa, dari limevuja, mazishi yalikuwa na watu wengi. Miaka mitano, nyumbani kulinifikia hivyo.

Nilimweleza binamu bila kupamba. Cucu alikuwa ameketi karibu akichambua maharagwe, akauliza tunasema nini kuhusu guka. Nikamtafsiria. Akafikiri kidogo. Kisha akasema kama ni hivyo, yeye alikuwepo, basi aandikiwe kwa ile ya aliyekuwepo.

Akaanza kusimulia kwa Kiembu, polepole, mikono kwenye maharagwe. Mimi nikawa natia kwenye Kituruki, binamu anaandika. Guka aliomba chai. Çay istedi. Alikunywa nusu bilauri. Yarım bardak içti. Aliuliza kama ndama amefungwa. Alilala. Yattı. Cucu akaosha bilauri, akarudi, akakaa naye. Hakuamka. Uyanmadı.

Sikuwa nimewahi kusikia habari za ndama. Kwenye simu niliambiwa tu kwamba alienda kwa amani.

Binamu alitazama daftari, kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza sarufi tu, kama mimi nikiisimulia hadithi hiyo kwa Mturuki nitasemaje. Nikamwandikia chini yake. Çay istemiş. Yarım bardak içmiş. Yatmış. Uyanmamış. Akakaa kimya muda mrefu akilinganisha safu mbili. Cucu akauliza ile ya pili inasema nini. Nikamwambia inasema yaleyale, ila ni ya mtu aliyekuwa mbali. Akasema, "Basi huyu mfundishe hiyo vizuri."

Jumamosi ya saba ilikuwa ya kufunga mizigo. Koti la chama halikuingia kwenye sanduku, akalivaa katika jua la Embu mpaka uwanja wa ndege.

Novemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa nangoja maji yachemke pale Makutano, simu ikalia. Ilikuwa picha ya dirisha na ua mweupe, hakuna hata alama ya mguu. Chini yake maneno matatu.

Dada, kar yağmış.